Mtindo wa Nne

Plasta inapokutana na maji hutoa harufu ya peke yake. Ni kama ukuta uliopigwa na mvua ya kwanza, ila kwa ndani kuna vumbi la chaki, na kwa mbali kabisa kuna ladha ya sarafu uliyoitia mdomoni ukiwa mtoto. Juzi mwalimu wetu wa sanaa alifungua mfuko nyuma ya darasa, akaanza kumwaga unga kidogo kidogo kwenye ndoo, na kabla hajaanza kukoroga nilikuwa nimesharudi kuwa na miaka minane. Sikuulizwa kama nataka. Nilikuwa nimekaa pale ninapokaa siku zote, kiti cha mwisho karibu na hita, kiti cha watu wanaomwomba Mungu wasitajwe.

Halafu akazima taa, akatuwekea ukutani picha tatu za sanamu za Wagiriki wa kale. "Nani atanipangia hizi," akasema, "kuanzia ya zamani kabisa?" Kijana mmoja wa mbele, ambaye huwa haoni aibu hata akikosea, akasema yule aliyejipinda na kupiga kelele ndiye wa kwanza, kwa sababu watu wa zamani waliteseka kuliko sisi. Darasa likacheka. Mwalimu akangoja mwingine. Mimi nilijua. Nilijua kama watu wengine wanavyojua majina ya ndugu zao. Mkono wangu ukabaki chini ya meza, kwa sababu ningejibu angeuliza nani kanifundisha, na hilo ni swali ambalo siwezi kulijibu nusu.

Basi naandika. Naandika kwa Kiswahili, na nyie wa rika langu mliokulia huku Kanada mtashangaa, maana mnajua ilivyo: mzazi anasema kwa Kiswahili, wewe unajibu kwa Kiingereza, na chakula kinaliwa. Mimi pia nilikuwa hivyo. Nilianza kujibu kwa Kiswahili nikiwa na miaka minane, kwa sababu Kiingereza cha Baba kiliondoka chote siku moja na hakikurudi. Nitafika huko.

Kule Morogoro Baba alikuwa mwalimu wa historia. Huku alikuwa fundi wa kumimina plasta kwenye karakana moja ya mtaa wa Mount Dennis, dakika kumi kwa miguu kutoka kwenye jengo letu. Mwenye karakana alikuwa mzee wa Kigiriki, Mzee Takis, mfupi, mwenye nyusi kama brashi za viatu. Walitengeneza nguzo, vichwa vya nguzo, simba wa kuweka getini na sanamu za bustani, kwa ajili ya watu wa kaskazini ya mji wanaotaka nyumba zao zifanane na mahekalu. Baba aliniambia kwamba kitabu alichofundishia Morogoro kilikuwa na kurasa mbili tu kuhusu sanaa ya Wagiriki, na picha zilikuwa zimefifia mpaka sanamu hazina pua. Alifundisha watoto wa watu sanamu zisizo na pua kwa miaka kumi na moja. Akaja kuzishika pua zenyewe Kanada, za plasta, huku amevaa aproni.

Nikitoka shule nilikuwa nakwenda kumngojea pale. Nilikaa juu ya magunia, Mzee Takis ananipa biskuti za ufuta, naangalia. Kazi ilikuwa ya haraka kuliko unavyodhani. Ukishachanganya tu, una dakika chache za kumimina kwenye kalibu ya mpira yenye umbo la sanamu kwa ndani, kuigongagonga mapovu yatoke, kujaza pembe zote. Ukichelewa, unga unaganda ndani ya ndoo, na hakuna maji ya kuurudisha. "Plasta haimsubiri mtu, Mwalimu!" Mzee Takis alikuwa anapiga kelele kutoka ofisini. Alimwita Baba Mwalimu, alilijua neno hilo. Na Baba bila kugeuka: "Na mimi siisubiri, mzee. Nani kakwambia tumeachana?"

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia, nilikigundua mwenyewe kwa kiganja, ni kwamba plasta inapoganda hupata joto. Siku moja niliweka mkono kwenye kifua cha sanamu iliyokuwa bado ndani ya kalibu nusu, kikawa na joto kama la mtu mwenye homa. Nikashtuka, nikautoa, nikaurudisha. Baada ya muda kikaanza kupoa. Nilipokuja kukigusa tena tumeshavaa makoti ya kwenda nyumbani, kilikuwa baridi kama bafu. Sikumwambia mtu, lakini toka siku hiyo niliamini kwamba kila sanamu huwa hai kwa muda kidogo, na ikishapoa, basi tena.

Mitindo alinifundisha Baba kwa mwili wake, palepale kati ya ndoo. Sanamu ya kwanza ni ya kale: mtu amesimama wima kama mlingoti, ngumi zimefungwa ubavuni, mguu wa kushoto mbele, na mdomoni ana tabasamu dogo ambalo haliondoki hata kama amechomwa mkuki. "Huyu hajui kama ana mwili," Baba alisema. "Anajua tu kwamba anatazamwa." Ya pili ni ya kati: uzito wote umehamia mguu mmoja, ule mwingine unapumzika, kiuno kimekwenda upande, bega limeshuka, na uso umetulia, haucheki wala haulii. "Hapa ndipo walipojua kwamba mtu anapumua." Na ya tatu ni ya mwisho, wakati Wagiriki walipokuwa wameona mengi: misuli inajipinda, nyusi zimekunjamana, mdomo wazi, wazee, walevi, watu wanaokufa. "Na hapa wakaacha kudanganya," akasema, kisha akacheka, "au wakajifunza kudanganya vizuri zaidi. Sijui. Nilikuwa nawaambia wanafunzi wachague."

Mzee Takis alikuwa akisikia somo hilo hawezi kunyamaza. "Dunia nzima inasimama kwa mtindo wa babu zangu," anasema. "Benki, mahakama, nyumba ya maziko. Toka nje uangalie!"

"Babu zako walijifunza kusimama Afrika," Baba anamjibu. "Mguu wa kushoto mbele, ngumi ubavuni. Huyo ni Mmisri huyo, mzee. Mmemvua nguo tu."

"Mguu tumeiga, sawa." Mzee Takis ananyanyua kidole. "Tabasamu ni letu."

Na kweli wako kila mahali. Jumapili tukitoka kanisani Mama anakwenda zamu, mimi na Baba tunatembea kwa miguu kuhesabu nguzo. Zenye kichwa cha kawaida, zenye pembe za kondoo, zenye majani. Benki ya zamani iliyogeuzwa duka la dawa ilikuwa na nne za pembe za kondoo. Nyumba ya maziko, pale watu wanapoagia maiti, ilikuwa na mbili za majani, na Baba alisema Wagiriki wamekufa zamani lakini wamebaki wakisimama milangoni mwa watu. Alikuwa anagonga kila nguzo kwa kifundo cha kidole. Ikilia ngumu, ni jiwe. Ikilia kama debe, ni yetu. Zetu zilikuwa tupu ndani, hazikubeba chochote. Nyumba ilishikiliwa na mbao nyuma ya ukuta, nguzo ilisimama tu pale kuonekana. Jambo hilo lilinikera sana nikiwa mtoto. Nilihisi kama tumewadanganya watu wanaolala chini yake.

Kitu kingine kilichonikera ni nyundo. Kulikuwa na sanamu ya mwanamke ambayo Baba alikuwa anaitoa kwenye kalibu ikiwa nzima, ina mikono yote miwili, vidole vyote, halafu anachukua nyundo ndogo na kuivunja mikono juu ya kiwiko. Wateja walitaka ifanane na za makumbusho. Nikamuuliza kwa Kiingereza changu kwa nini hawaipendi ikiwa nzima. "Ikiwa nzima ni sanamu, mama," akasema. Aliniita mama, kama baba wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao. "Ikivunjika ndiyo wanaamini ilikuwepo." Akaokota mkono mmoja, akanikwaruza nao shingoni mpaka nikacheka.

Siku nyingine alileta nyumbani kichwa kidogo cha mtindo wa kale chenye ufa shavuni, kisichouzika. Akasema hizi sanamu zamani hazikuwa nyeupe, zilipakwa rangi mpaka kope, mvua na udongo ndivyo vilivyozifuta, na walioziiga baadaye wakadhani weupe ndio uzuri wenyewe. "Kwa hiyo tumrudishie." Tukampaka kwa rangi zangu za shule. Mimi nilichagua kahawia, nikaichanganya mpaka akafika rangi yangu, nywele nyeusi, midomo myekundu. Mama aliporudi alimwona juu ya friji akashika kiuno: "Na huyu nani tena, mmeniletea mke mwenza?" Kichwa hicho kipo mpaka leo. Kinatabasamu dirishani.

Sasa mchezo. Tuliuita mchezo wa sanamu, na ulikuwa na sheria zake. Mmoja anaganda katikati ya sebule au jikoni, kwa mtindo anaoutaka, na anauchanganya kidogo ili usiwe rahisi. Mwingine anataja mtindo. Nafasi ni mbili. Sanamu haisemi, haichezi, isipokuwa ukikosea inaruhusiwa neno moja: bado. Ukipatia, sanamu inafunguka na kukubeba mabegani mpaka mlangoni. Ukikosa zote mbili, unakwenda chumbani kwako, unafunga mlango, unangoja. Sanamu inajipanga upya, ikiwa tayari inakuita. Siku moja nilijaribu kutaja mara ya tatu. Baba alivunja kanuni akaongea, akiwa bado amekunja ngumi, kwa sauti ya jiwe: "Ukiiba nafasi, sanamu inabaki hivyohivyo milele." Kisha akanirukia akanitekenya. Ilikuwa ni utani. Mnaona wenyewe kwamba ilikuwa utani.

Jumamosi ile Mama aliondoka alfajiri. Anawahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, na zamu ya asubuhi inaanza kabla jua halijachomoza. Alimwacha Baba anachemsha chai, wanazozana kidogo kuhusu nani kamaliza tangawizi. Mimi niliamka, nikala mkate na mayai aliyonikaangia, nikaangalia katuni. Baba alikuwa jikoni anaosha vyombo, anaimba pambio la kanisani kwa sauti yake ya kukwaruza. Kuimba kukakatika katikati ya neno. Nilidhani amesahau maneno. Baadaye kidogo sahani ikaanguka kwenye sinki, haikuvunjika, na nikasikia maji yanaendelea kutiririka.

Nilipoingia alikuwa ameganda. Alikuwa ameegemea kabati kwa kiuno, uzito wote mguu wa kushoto, wa kulia umelegea, bega la kulia limeshuka kabisa, mkono unaning'inia kama wa mtu asiye na haraka. Moyo wangu ukaruka kwa furaha, maana Jumamosi nyingi alikuwa anasema amechoka. Nikafunga bomba, nikarudi nyuma mpaka mlangoni kama kawaida yetu, nikamkagua.

"Ya kati!" nikasema.

"Bado," akasema.

Nikamtazama tena. Mdomo ulikuwa umepanda upande mmoja, tabasamu dogo lisilokwenda popote. Nikajiambia aa, amenitega, tabasamu ni la kale. "Ya kale!"

"Bado."

Sasa nilikuwa nimekwisha. Lakini macho yake yalikuwa yananiangalia vibaya, nyusi zimekunjamana, paji la uso linameremeta jasho, na nikaona ujinga wangu: mguu wa kati, mdomo wa kale, lakini uso ni wa mwisho. Nikaiba nafasi. Nilijua naiba. "Ya mwisho, Baba! Ya mwisho!"

"Bado," akasema. "Bado. Bado."

Nilivyofikiri wakati ule, nawaambia bila kuficha, ni hivi: Baba amegundua mtindo wa nne. Mitindo mitatu nimeitaja yote, na yote siyo, kwa hiyo hii ni mpya, ameibuni mwenyewe, na Mzee Takis akiiona atalia. Nilimwonea fahari. Nikaenda chumbani, nikafunga mlango.

Nilikuwa na saa ya mezani ya waridi yenye paka. Niliitazama kwa sababu nilitaka kumpima atachukua muda gani kujipanga. Ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi. Baada ya muda mfupi nikasikia kishindo jikoni, kizito, na kiti kinaburuzwa. Karakanani kulikuwa na sanamu ya askari anayekufa, amekaa chini, amejiegemeza kwa mkono mmoja, ya mtindo wa mwisho kabisa. Nikajua Baba amelala sakafuni kuiga ile. Amenionea huruma, nikasema, safari hii ananipa rahisi. Nikatabasamu. Katika yote haya, hilo ndilo ninaloliandika kwa shida kuliko mengine, kwamba nilikaa kitandani nikatabasamu.

Nikangoja aniite. Nilichora. Nikapanga kalamu zangu kwa rangi. Sheria ilikuwa usitoke mpaka uitwe, nami nilikuwa mtoto wa kufuata sheria, tena nilikuwa tayari nimevunja moja asubuhi hiyo. Saa sita ikafika, ikapita. Nadhani nilisinzia. Kilichoniamsha ni sauti ya Mama, na haikuwa inaniita mimi. Ilikuwa inaita jina la Baba, na Yesu, na jina la Baba.

Saa yangu ilikuwa saa saba na nusu.

Kabla wale wa gari la wagonjwa hawajapanda, nilipiga magoti nikamshika Baba mkono wa kulia. Haukunishika. Lakini ulikuwa na joto. Nilifurahi, nyie, hamwezi kuamini: ulikuwa na joto. Nilijua maana yake. Bado hajapoa. Nimeiba nafasi na upande mmoja umekuwa plasta, lakini haujaganda sawasawa, kwa hiyo bado kuna dakika chache, nikiupata mtindo sahihi atafunguka. Njia nzima kwenda hospitali nilikuwa nataja chinichini kila neno nililolijua.

Hospitali kulikuwa na daktari wa kike mwenye sauti ya upole. Alimuuliza Mama kitu kimoja tu, akakiuliza mara mbili tatu: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi? Mama alisema alimwacha mzima alfajiri, saa kumi na mbili. Daktari akachuchumaa mbele yangu. Macho yake yakawa sawa na yangu.

"Na wewe, ulimwona Baba leo? Alikuwa anaongea? Anatembea?"

Nilijua saa. Nilikuwa nayo kichwani pamoja na paka wake, saa tano kasoro dakika kumi. Kabla ya hapo alikuwa ameimba. Lakini nikisema nilimwona, ataniuliza nikafanya nini, na nikisema nikafanya nini, Mama atajua kwamba niliiba nafasi na ndiyo maana Baba amebaki vile. Na mimi nikiangaliwa usoni na mtu mgeni ulimi hunikauka, hata leo. Nikatikisa kichwa.

"Hukumwona kabisa, mpenzi?"

Nikatikisa tena.

Akainuka. Wakaanza kuhesabu kutoka saa kumi na mbili. Mimi nikasogea pembeni. Palikuwa na nguzo kwenye ukumbi ule, nyeupe, ina mistari, kichwa cha kawaida. Nikaigonga kwa kifundo cha kidole. Ilikuwa tupu.

Baba hakufa. Watu wa kanisani walisema tumshukuru Mungu, na tulimshukuru. Mkono wa kulia haukurudi, wala Kiingereza, wala Morogoro, wala jina langu. Lilibaki neno moja. Umekula? Bado. Unasikia baridi? Bado. Huyu ni nani, mzee? Bado. Madaktari walituambia huwa inatokea hivyo, mtu anabaki na neno moja tu na analitumia kwa kila kitu, halina maana tena, ni kama mlango pekee uliobaki kwenye nyumba. Kiswahili anakielewa kidogo, au anaielewa sauti yangu nikikisema. Ndiyo maana nilijifunza. Mzee Takis alikuja mara mbili. Mara ya pili alileta biskuti za ufuta, akakaa, akaanza kumweleza kuhusu oda ya nguzo nane, kisha akafunika uso kwa kofia. "Mwalimu, Mwalimu," alisema, "nani atanitukania babu zangu sasa?" Karakana yake imeuzwa. Sasa hivi pale wanajenga jengo refu la vioo, na mbele ya ofisi ya kuuzia fleti wameweka nguzo mbili.

Mtaalamu wa mazoezi alijitahidi sana kumfundisha Baba kusimama kwa miguu yote miwili. Hakuweza. Akisimama, anasimama kwa wa kushoto, wa kulia unapumzika, kiuno kimekwenda upande. Juzi mwalimu wa sanaa alionyesha picha ya kati kwa fimbo yake akasema hapa ndipo binadamu alipoanza kuonekana huru. Nikaangalia daftari langu.

Kwa miaka mingi niliamini kosa langu ni lile la mtoto, la kuiba nafasi. Nilipofika miaka kumi na moja au kumi na mbili niliacha kuamini hivyo, nikapumua. Nikasema nilikuwa mtoto, nilidhani ni mchezo, nani angejua. Kwa muda nikawa karibu mzima.

Halafu mwaka jana Mama akaanza kusomea uuguzi. Ana kadi ndogo, mbele swali, nyuma jibu, na jioni ananiomba nimuulize huku anamenya viazi. Siku hiyo ilikuwa zamu ya kiharusi. Nikasoma, "Swali la kwanza kumuuliza aliyemleta mgonjwa?"

"Mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi," Mama akajibu haraka, kisu hakikusimama.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ile dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inafaa ndani ya saa nne na nusu tu. Ikipita, au kama hakuna anayejua, hawampi, wanaogopa itamuua." Kisu kikasimama. Alitazama sebuleni, pale kiti cha Baba kilipo. "Ndiyo maana baba yako hakupewa. Hapakuwa na mtu aliyeona. Walihesabu toka alfajiri, masikini." Akachukua kiazi kingine. "Endelea, mwanangu. Hiyo nimepata."

Nikahesabu kimya. Tulifika hospitali saa nane kasoro. Kutoka saa tano kasoro dakika kumi. Ni saa tatu. Nimeshahesabu mara nyingi tangu siku hiyo na haijawahi kuwa zaidi ya tatu na dakika chache. Huenda dawa isingemsaidia, sijui, wengine haiwasaidii. Hilo ndilo linaloniua, kwamba sitajua. Kadi ile niliiweka chini kabisa ya nyingine, na Mama akasema naona leo unaniuliza kwa haraka, una mtihani?

Leo ni Jumamosi. Mama yuko zamuni. Nimemlisha Baba wali na mchicha, nimemfuta mdomo, nimevuta kigoda mbele ya kiti chake dirishani. Kile kichwa chetu cha kahawia kilikuwa nyuma ya bega lake. Nikamwambia yote. Nimemwambia saa. Nimemwambia kuhusu nafasi ya tatu, kuhusu kishindo, kuhusu kutabasamu, kuhusu daktari aliyechuchumaa. Nilisema polepole, kwa Kiswahili, mambo ambayo sijawahi kuyasema kwa lugha yoyote. Alikuwa ananiangalia. Mdomo wake ulikuwa umepanda upande mmoja kama siku zote.

"Umenielewa, Baba?"

"Bado."

"Ungeniambia nini siku ile? Ulikuwa unataka nimwite mtu?"

"Bado."

"Unanisamehe?"

Alichukua muda kidogo. Hiyo nimeiona, sikuibuni. "Bado," akasema.

Najua neno lile si jibu. Analiambia hata theluji. Najua, na nimekaa pale nikilisikiliza kama jibu, kwa sababu sina lingine na yeye hana lingine. Halafu nikafanya kitu cha kitoto. Nikasimama, nikarudi nyuma mpaka mlangoni, nikamkagua kuanzia miguu. Nikasema, "Ya nne, Baba. Ni mtindo wa nne."

"Bado."

Basi nikaingia chumbani. Ndiko ninakomalizia kuandika, kitandani, na safari hii mlango nimeuacha wazi. Ile saa ya paka ilikufa zamani.

Nasikia ufunguo wa Mama. Anavua viatu, anamuuliza Baba kama ameshakula. Baba anasema bado, na Mama anacheka kwa uchovu, "Mwongo wewe, sahani si hii hapa?" Sasa ananiita mimi. Anasema, uko wapi, njoo tumpeleke babako akaoge. Nitatoka, kwa sababu mikono ya Mama imechoka. Daftari nalirudisha chini ya godoro. Lakini katika mchezo wetu anayeita ni sanamu, na sanamu haijaita.